Asili ya Ukaguzi wa Mabomba ya Maji

Wazee wetu na wanachama, mtu aingizaye maji ya bomba nyumbani kwake hapa Sigowet aweza kudhani kwamba ukaguzi ni usumbufu na gharama bure. Yafaa basi tukumbuke asili yake.

Mwaka 1933 wageni wengi walifika Chicago, Marekani, kutazama maonyesho makubwa. Katika hoteli mbili kubwa, kwa kasoro za mabomba, maji machafu yaliingia katika maji ya kunywa. Ugonjwa wa kuhara damu ukaenea, wakafa watu 98. Uzuri wa hoteli haukuwafaa kitu, kwa kuwa kosa lilikuwa limefichika.

Nchini kwetu, Sheria ya Afya ya mwaka 1921 iliwapa maofisa wa afya uwezo wa kukagua mifereji na uchafu udhuruo watu. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama.

Lakini haki hiyo yaweza kupotea ndani ya shimo lililofukiwa kwa haraka. Hapana budi mabomba yajazwe maji na kutazamwa viungo vyake kabla ya kufukiwa; yawe mbali na choo; na mdomo wa mfereji uwe juu ya ukingo wa beseni, maji machafu yasifyonzwe kurudi ndani.

Cheti kilichoandikwa pasipo kuona kazi hakimkingi mtoto na maradhi. Kwa hiyo, fundi asimaliziwe malipo kabla kazi yake haijakaguliwa.