Upungufu wa dawa vituoni

Upungufu wa dawa ni hali ya dawa inayohitajika kutopatikana katika kituo cha tiba kwa wakati, au kupatikana kwa kiasi kisichotosha. Nchini Tanzania mgonjwa huikuta hali hiyo dirishani: hurudishiwa cheti na kuambiwa akanunue nje. Kwa daktari, tabibu, muuguzi na mfamasia, kazi huwa haijaisha hapo, kwani anayerudishwa bila maelezo huweza kukatisha tiba.

Ugavi na chanzo cha upungufu

Vituo vya umma huagiza dawa kwanza Bohari ya Dawa (MSD), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Bohari isipokuwa na bidhaa, kituo huruhusiwa kununua kwa mshitiri aliyeteuliwa, kwa fedha zake. Utaratibu huo, uitwao Jazia, ulianzia Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa nchini kuanzia 2018. Upungufu hutokana na madeni, ucheleweshaji wa viwanda, makadirio mabaya na umbali. Songea, mkoani Ruvuma, iko zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam.

Duka la Dawa Muhimu

Mkoa huo wa Ruvuma una nafasi ya pekee katika historia ya maduka ya dawa. Mwaka 2003 ndiko yalikofanyiwa majaribio Maduka ya Dawa Muhimu (DLDM). Kabla yake, maduka ya dawa baridi yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti tu, ingawa mengi yalivuka mpaka huo. Chini ya mpango mpya wauzaji walifunzwa, maduka yakakaguliwa, na yakaruhusiwa kuuza orodha fupi ya dawa za cheti. Mpango huo baadaye ukaenezwa Tanzania Bara.

Kwa mkazi wa Bombambili, kata ya Manispaa ya Songea, kuambiwa "kanunue nje" kunaweza basi kuwa maelekezo halisi, si kufukuzwa kwa adabu. Lakini anahitaji kuandikiwa jina halisi la dawa badala ya jina la kibiashara, nguvu yake, idadi ya vidonge, na aina ya duka linaloruhusiwa kuiuza: DLDM au famasi. Akiwa na fedha za nusu dozi, aulizwe mapema, ili apangiwe dawa anayoimudu.

Dawa zisizokatishwa ghafla

Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza hawezi kuishi bila insulini. Anayeacha fenobabitali ghafla anaweza kupata degedege lisilokoma. Anayeacha propranololi, moyo kwenda mbio na maumivu ya kifua. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zikikatizwa, virusi huongezeka na usugu huweza kujitokeza. Wagonjwa hawa huambiwa warudi kabla ya kidonge cha mwisho, na wasigawane dawa na jirani. Kituo kikiishiwa, huulizia vituo vya karibu kwa simu kabla ya kumsafirisha mgonjwa.

Kubadili dawa

Dawa mbadala huwa na hatari yake. Mwenye shinikizo la damu aliyezoea nifedipini anaweza kupewa amlodipini. Zote ni za kundi moja. Asipoelezwa kwamba mpya imechukua nafasi ya ile ya zamani, humeza zote mbili, shinikizo likashuka mno. Njia nzuri ni kumwomba aje na vidonge vilivyobaki nyumbani, aoneshwe kipi kinaachwa, kisha arudie maelezo kwa maneno yake mwenyewe.

Kugawa kilichopo

Kiasi kikiwa kidogo, hutazamwa nani hana njia nyingine. Benzathini penisilini, iliyoadimika katika nchi nyingi katika muongo wa 2010, ni mfano mzuri: mwenye ugonjwa wa moyo utokanao na baridi yabisi anaweza kwa muda kumeza penisilini ya vidonge kila siku, lakini kwa mjamzito mwenye kaswende sindano hiyo haina mbadala wa kuaminika wa kumlinda mtoto. Vigezo vya namna hii hupangwa na kituo kwa pamoja na kubandikwa wazi, mtumishi mmoja asibaki na uamuzi, wala undugu usipite mbele ya uhitaji.

Kumbukumbu na oda

Oda hukadiriwa kwa matumizi yaliyopita. Tabibu anayejua kwamba dawa fulani imeisha huzoea kutoiandika tena. Leja huonesha matumizi sifuri, na oda inayofuata huwa ndogo kuliko uhitaji. Kwa hiyo siku ambazo dawa haikuwapo huhesabiwa katika makadirio, na vyeti vilivyokosa dawa huorodheshwa. Mgonjwa aliyerudi mikono mitupu akiandikwa, huhesabiwa katika oda ijayo. Asipoandikwa, kwenye karatasi ni kama hakuja.