Hadithi za Uhalifu na Watazamaji wa Ubaruku

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu tunataja ngoma, mashairi, uchongaji na ngano za wazee wetu. Ni haki kuvitaja, kwa kuwa hizo ni hazina zetu. Lakini kipo kitu kingine ambacho wananchi wengi hukipenda, na ambacho sisi walimu na waandishi huona aibu kukitaja. Nacho ni hadithi ya uhalifu iliyotungwa kwa haraka, ikachapwa au ikapigwa picha kwa fedha kidogo, ikajaa makosa tele, na juu ya hayo ikapendwa. Makala haya yanakusudia kuitazama historia ya pendo hilo, na kuuliza kama limelitia taifa hasara tu au limeliletea na faida.

Tuanzie Ubaruku. Mji huu mdogo umo katika bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Jirani yake lipo shamba kubwa la mpunga lililojengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, wakati ule ule Wachina na Watanzania walipokuwa wakitandika reli ya TAZARA, ambayo hupita Rujewa na Chimala kuelekea Mbeya. Maji ya mifereji na kazi ya mpunga viliwavuta watu wa kila upande. Wasangu, wenyeji wa bonde, walipata majirani wapya: Wabena, Wahehe, Wakinga, Wanyakyusa, Wasukuma waliofuata malisho, na Wabaluchi ambao babu zao walifika Usangu zamani. Mahali kama hapo panahitaji lugha moja, na lugha hiyo ni Kiswahili. Panahitaji pia hadithi ambazo mtu wa kabila lolote aweza kuzisikiliza bila kujiona mgeni.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadithi hizo zilisimuliwa sana katika vibanda vya video. Mpunga ukiisha kuvunwa na fedha kidogo kupatikana, vijana kwa wazee waliingia katika kibanda cha mabati, wakabanana juu ya mabenchi, jenereta likinguruma nje. Jioni moja tuliketi nao tukatazama filamu ya ujambazi iliyotengenezwa hapa hapa nchini. Tuseme kweli: ilikuwa kazi mbovu. Waziri na jambazi walikaa katika sebule moja, makochi ni yale yale, saa ya ukutani ni ile ile, tena imesimama. Bastola ililia kabla haijafyatuliwa. Askari alimfukuza mwizi kwa gari jeupe, akashuka katika gari jekundu. Mtu aliyeuawa alilazwa sakafuni, na tumbo lake likawa linapanda na kushuka, hata kijana mmoja akapiga kelele: "Marehemu anapumua!" Kibanda kizima kikaangua kicheko.

Hata hivyo hakuna aliyeondoka. Aliyetoka kidogo, aliporudi aliuliza ameachwa wapi, na watu watatu walimjibu kwa pamoja. Kisha likaja onyesho la mjane aliyekwenda kutoa habari za kuuawa kwa mumewe, na ofisa aliyempokea akamwomba kwanza "chai". Hapo sebule ilikuwa ile ile na saa imesimama vile vile, lakini hakuna aliyecheka. Kibanda kilinyamaza. Mwishowe jambazi na ofisa yule walipotiwa pingu, watu walipiga makofi, na mzee mmoja akasema taratibu, kama asemaye peke yake: "Angalau huyu wa kwenye video amefungwa."

Maneno hayo ya mzee ndiyo yaliyotufanya tuandike. Yanatuonyesha kwamba mtazamaji aliyecheka marehemu anayepumua hakudanganyika. Aliyaona makosa yote, pengine kuliko sisi. Alichokaa kukitazama kilikuwa kitu kingine.

Pendo hili halikuanza na video. Katika Kiswahili, riwaya ya upelelezi ilipata umbo lake kwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi yake, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ilishinda katika mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958, ikatolewa kitabu mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, huvuta kiko na kutumia akili, na kila msomaji wa riwaya za Kiingereza humtambua nyuma yake Sherlock Holmes, ambaye Arthur Conan Doyle alimleta duniani mwaka 1887. Lakini Bwana Msa si Mwingereza. Anatembea katika mashamba ya Unguja, miongoni mwa watu wanaoogopa mizimu, na kazi yake ni kuonyesha kwamba aliyeua ni binadamu. Tena Kiswahili cha Abdulla ni cha ufundi mkubwa. Kwa hiyo tusidhani kwamba hadithi ya uhalifu ni lazima iwe kazi duni. Ilianza kwetu ikiwa juu.

Waliofuata waliandika kwa kasi zaidi, na kwa wasomaji wengi zaidi. Faraji Katalambulla alitoa *Simu ya Kifo* mwaka 1965, akauleta uhalifu katika jiji, penye simu, magari na mabaa. Mwaka 1974 Elvis Musiba alitoa *Kufa na Kupona*, ambamo mpelelezi Willy Gamba anafuata hadi Nairobi siri za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam. Wasomaji wa siku zile hawakuona jambo hilo kuwa la kubuni tu, kwani Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Katika miaka ya 1980 Ben R. Mtobwa, aliyezaliwa mwaka 1958 na kufariki mwaka 2008, alimpa umaarufu mpelelezi Joram Kiango. Pembeni ya hao walikuwako waandishi wengine wengi, na vijitabu vyenye jalada la bastola na msichana, karatasi hafifu na makosa ya chapa katika kila ukurasa, vikiuzwa katika stendi za mabasi na kusomwa hadi vikachanika.

Kwa nini vilisomwa hivyo? Yafaa ikumbukwe kwamba mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Kampeni ya elimu ya watu wazima ilipofanywa kote nchini, kiasi hicho kilishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975. Kisha, mwaka 1977, ikaja elimu ya msingi kwa wote. Taifa likapata wasomaji wapya mamilioni. Lakini mtu aliyejifunza kusoma, asipopata cha kusoma, husahau. Vitabu vya kilimo bora na afya vilikuwa na manufaa, wala hatuvidharau. Ila hakuna mtu anayekesha na kibatari ili ajue mwisho wa kitabu cha mbolea. Kwa hadithi ya Willy Gamba alikesha. Kitabu kile kilichodharauliwa kilifanya kazi ambayo darasa lisingeweza kuikamilisha peke yake: kilimzoeza mtu kusoma kurasa mia kwa hiari yake.

Jambo la pili ni umoja. Msomaji hakumwuliza Willy Gamba kabila lake. Msangu na Mkinga, Mhehe na Mbaluchi walimchukulia kuwa mtu wao, kwa sababu alisema lugha yao wote na aliilinda nchi yao wote. Sisi tulioandika juu ya utamaduni wa taifa tulilieleza jambo hilo kwa hoja ndefu. Vijitabu vya stendi vililifanya bila kulieleza.

Jambo la tatu ni haki. Mwaka 1983 serikali iliendesha kampeni kali dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyefariki katika ajali ya gari mwezi Aprili 1984. Zilikuwa siku za uhaba wa sabuni, sukari na nguo. Mkulima alijua kwamba yupo mtu mahali fulani anayenufaika na shida yake, lakini hakumjua kwa jina wala kwa sura. Hadithi ya uhalifu ilimpa mtu huyo jina na sura, ikamfuata hadi mafichoni, ikamkamata. Raha ya msomaji haikuwa katika damu tu. Ilikuwa katika kuona kwamba lililofichika limefichuliwa.

Wahakiki hawakukubali, na hoja zao zilikuwa nzito. Walisema kwamba kazi hizi zinaiga wageni, kama vile James Hadley Chase na hadithi za James Bond. Kwamba zinasifu anasa za jiji mbele ya umma wa wakulima na wafanyakazi. Na kwamba zinampotosha kijana. Baadhi ya walimu walizinyang'anya darasani, na wengine, tukiri, walizisoma usiku ule ule. Hali hii haikuwa ya kwetu tu. Uingereza ya karne ya 19 ililalamikia vijitabu vya uhalifu vilivyouzwa kwa peni moja, na huko Nigeria wasomi wengi walivibeza vijitabu vya soko la Onitsha, ambavyo leo vinahifadhiwa na kuchunguzwa katika vyuo vikuu.

Video ilipoenea, mashtaka yale yale yalihamia kwenye kibanda. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi mwaka 1994, na kwa hiyo wengi walikutana kwanza na picha hizi katika mikanda. Filamu za kigeni zilipata wasimulizi wa Kiswahili, ambao mmoja wao, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alivuma sana. Msimulizi hakutafsiri tu. Alieleza, alitania, aliongeza, na palipokuwa na pengo katika filamu alilijaza. Kwa desturi zetu hilo si jambo geni. Bibi aliposimulia ngano, wasikilizaji waliitikia, walimkumbusha alichosahau, na walimcheka alipochanganya sungura na fisi. Lakini hakuna aliyesema kwamba kwa kosa hilo ngano imekufa. Watazamaji wa Ubaruku waliitendea filamu mbovu kama wazee walivyoitendea ngano iliyosimuliwa vibaya. Waliikamilisha wenyewe.

Je, basi tuseme kwamba kila kinachopendwa ni chema? La, hasha. Hapa hapana budi tutenganishe makosa ya aina mbili. Kosa la kwanza ni la ufundi: saa iliyosimama, bastola inayolia mapema, jina la mtu linalobadilika kutoka sura ya pili hadi ya tano. Kosa hili halimdhuru mtu. Mtazamaji huliona, hulicheka, na kicheko chake chenyewe ni uhakiki. Kosa la pili ni la fikra, na hili halichekwi kwa sababu halionekani upesi. Katika nyingi ya hadithi hizi mwanamke ana kazi mbili tu, kuwa mtego au kuwa maiti. Mpelelezi humpiga mshukiwa hadi aseme, na msomaji hushangilia. Fukara wa mjini huonyeshwa kana kwamba amezaliwa mwizi. Haya yanaweza kuingia ndani ya mtu bila yeye kujua, hata katika filamu iliyopigwa kwa ustadi mkubwa. Na pengine zaidi katika hiyo, kwa kuwa ustadi hutufumba macho. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka utaratibu wa kukagua filamu kabla hazijaonyeshwa. Lakini hakuna bodi inayoweza kukaa benchi moja na kila kijana na kumfundisha kuliona kosa la aina ya pili. Hiyo ni kazi ya mwalimu.

Nasi tumekosea kwa kuanza na kosa lisilo na maana. Tumewaambia wanafunzi wetu kwamba kazi hizi ni mbaya kwa sababu zimechongwa vibaya. Mwanafunzi hujibu moyoni: hilo nimeliona, na bado nimefurahi. Mazungumzo hukatika hapo, na kijitabu hurudi chini ya dawati. Lau tungekiri kwanza furaha yake, angekuwa tayari kutusikiliza tunapomwuliza: mbona mjane yule hakupewa jina katika hadithi nzima? Mbona aliyeteswa alikuwa hana hatia, na hakuna aliyemwomba radhi?

Kwa hiyo tunatoa shauri moja kwa walimu wenzetu. Wanafunzi walete darasani hadithi moja ya uhalifu waipendayo, hata iwe mbovu namna gani. Kwanza wayahesabu makosa ya ufundi, na wacheke. Kisha wayatafute makosa ya fikra, na hapo wasicheke. Mwisho waseme ni wapi waliponyamaza walipokuwa wakisoma au kutazama, na kwa nini.

Swali hilo la mwisho ndilo kubwa. Katika kibanda cha Ubaruku, mbele ya picha duni na sauti inayokwaruza, watu waliocheka muda wote walinyamaza mara moja, mjane alipoombwa chai. Aliyeitengeneza filamu ile hakuwa fundi, lakini alikuwa amekigusa kidonda chao halisi. Taifa linalotaka kujua watu wake wanaumia wapi lisizisikilize kazi zake bora peke yake. Lisikilize pia ni wapi ambapo watazamaji wa kazi mbovu huacha kucheka.