Uhawilisho mkabala: hisia za anayetibu

Uhawilisho mkabala ni hisia zinazomjia mtaalamu wa saikolojia au mshauri nasaha kwa sababu ya mteja aliye mbele yake: huruma iliyopita kiasi, hasira, woga, hata usingizi.

Sigmund Freud aliitaja dhana hii hadharani mwaka 1910, kwa neno la Kijerumani Gegenübertragung. Tayari alikuwa ameeleza uhawilisho, yaani mgonjwa kumwelekezea daktari mapenzi au chuki aliyokuwa nayo kwa wazazi wake. Sasa alisema daktari naye huguswa, na kwamba ni lazima ajitambue na kuishinda hali hiyo. Aliiona kuwa kizuizi.

Mwaka 1949 Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, alichapisha makala kuhusu chuki anayoweza kuwa nayo mtaalamu kwa mgonjwa wake, akitaka ikiriwe badala ya kufichwa. Mwaka uliofuata Paula Heimann, aliyefanya kazi London, alienda mbali zaidi: hisia hizo ni chombo cha kumwelewa mgonjwa.

Chukua mshauri nasaha kijana anayemhudumia mama wa rika la mamake mzazi. Mama anamwita "mwanangu". Kila mara ndoa ya mama huyo inapotajwa, kijana anaona haya, anageuza mazungumzo na kuuliza habari za usingizi na dawa. Akijihoji, atagundua mambo mawili. Haya hiyo ni yake mwenyewe, imetokana na malezi. Lakini huenda pia mama huyo amezoea kuwafanya watu wake wote wakwepe jambo hilohilo. La kwanza alishughulikie mwenyewe. La pili ni habari muhimu kwa tiba.

Ndiyo maana sipendelei tafsiri ya "uhawilisho kinyume". Kinyume huashiria upinzani tu, ilhali gegen ya Kijerumani hubeba pia maana ya kuelekea. Mkabala huwaweka watu wawili uso kwa uso, kila mmoja akimgusa mwenzake.

Kuwa na hisia si kosa la kitaaluma. Kosa ni kuzitenda kabla ya kuzichunguza: kumkaripia mteja, kumkopesha fedha, kumkwepa. Kwa hiyo mshauri nasaha asifanye kazi peke yake. Awe na msimamizi mwenye uzoefu, wa kumweleza anayoyahisi, na waajiri wahesabu muda huo kuwa sehemu ya kazi.