Rosa Mistika: riwaya iliyofungiwa shuleni, kisha ikarudi kwenye mtihani

Ukitaja vitabu vilivyopigwa marufuku shuleni Tanzania, wengi watakumbuka Februari 2023. Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kuviondoa vitabu 16 shuleni, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Mmarekani Jeff Kinney. Sababu: vinakwenda kinyume na mila, desturi na malezi ya mtoto wa Kitanzania.

Lakini mambo haya hayakuanza na vitabu vya nje. Miaka ya 1970 kilichofungiwa kilikuwa kitabu cha Kiswahili, cha mwandishi Mtanzania, na kisa chake kinaanzia Ukerewe.

Ni Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa 1944 huko huko Ukerewe, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Riwaya ilitoka 1971, ikachapishwa na East African Literature Bureau. Haikuchukua muda, ikapigwa marufuku kufundishwa shuleni.

Kwani ndani kuna nini?

Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali kupita kiasi. Siku anayopatikana na barua ya mvulana aitwaye Charles, anapigwa vibaya sana. Kuanzia hapo anawaogopa wanaume. Halafu anakwenda shule ya bweni Mwanza, mbali na macho ya baba, na kila kitu kinageuka. Wanaume wanaanza kupishana. Baadaye chuoni, alikokwenda kusomea ualimu, hata mkuu wa chuo anakuwa mmoja wao. Kuna kutoa mimba. Mwisho Rosa anajiua. (Kama hujaisoma, samahani, nimeshakumalizia utamu.)

Kwa msomaji wa leo anayeshinda kwenye simu, hayo huenda yasimshtue. Mwaka 1971 ilikuwa habari nyingine. Mwanafunzi alikuwa amezoea riwaya kama za Shaaban Robert, zenye mafunzo ya wazi na wahusika wema wa kuigwa. Kezilahabi akaja na mambo ya kitandani, tena akayataja bila kuzungukazunguka.

Na hakumnyooshea kidole msichana peke yake. Kidole kilimwelekea baba anayelea kwa fimbo, kikawaelekea pia walimu wanaowageukia wanafunzi wao.

Hapo ndipo marufuku ile inapoleta maswali. Hofu ya kawaida kwa kitabu cha aina hii ni kwamba mwanafunzi ataiga. Sasa mtu aliyekisoma mpaka ukurasa wa mwisho, kweli atatamani kuwa Rosa? Kwa maoni yangu, kama kuna aliyekuwa na cha kuogopa kitabu kikisomwa kwa sauti darasani, ni mtu mzima mwenye tabia zile, aliyesimama mbele na chaki. Binti wa bwenini ndiye aliyekuwa na cha kupata, maana angejua mapema kwamba ukarimu mwingine wa mwalimu una bei.

Ikumbukwe kwamba kufungiwa shuleni si sawa na kufutwa kabisa. Kitabu kinaweza kuuzwa dukani na bado kisiruhusiwe darasani, kwa sababu cha shule lazima kipate ithibati ya serikali. Rosa Mistika iliendelea kusomwa na ikapata umaarufu mkubwa.

Kisha upepo ukageuka. Riwaya ileile ikaja kuingizwa kwenye orodha ya vitabu vya fasihi vya sekondari, Tanzania na Kenya. Wanafunzi wakaanza kuulizwa dhamira, wahusika na nafasi ya mwanamke, kama kitabu kingine chochote. Zakaria ni yuleyule, mkuu wa chuo ni yuleyule.

Na mada yenyewe haijazeeka. Ni Novemba 2021 tu serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi kwenye shule za kawaida. Kabla ya hapo binti alifukuzwa, na mara nyingi mwanamume aliyempa mimba aliendelea na maisha yake.

Kezilahabi alifariki Januari 2020. Mwaka 2025 Rosa Mistika ilitoka kwa Kiingereza, tafsiri ya Jay Boss Rubin. Ukiitaka ya Kiswahili, anza kuulizia kwenye maduka ya vitabu vya shule.