Nyota Begani au Mkoba wa Dawa Mgongoni?

Ndugu msikilizaji, juma lililopita simu iliniamsha usiku wa manane. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa na kukulia Marekani, na ambaye mwaka huu anamaliza chuo kikuu. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza: "Mjomba, nataka kujiunga na waokoaji wa Jeshi la Anga. Niingie kama askari wa kawaida au kama afisa?" Kabla sijafungua kinywa, nikamsikia mama yake kwa nyuma: "Mwambie awe afisa! Shahada yote ile, aende kupigia watu saluti?"

Nikamwomba anipe siku chache. Mimi ni mtangazaji, sijapata kuvaa gwanda. Lakini swali lile lina historia, na historia yenyewe imeanzia karibu na kazi yangu hii ya redio.

Tarehe 2 Agosti 1943, katika Vita Kuu ya Pili, ndege ya jeshi la Marekani iliyokuwa ikitoka India kwenda China iliharibika injini juu ya milima ya Wanaga, mpakani mwa India na Burma. Abiria wakaruka kwa miamvuli. Mmoja wao alikuwa Eric Sevareid, mwandishi wa redio ya CBS. Chini ulikuwa msitu mtupu, hakuna barabara, na miongoni mwao walikuwamo majeruhi. Daktari wa jeshi, Luteni Kanali Don Flickinger, hakutuma watu. Aliruka mwenyewe kwa mwavuli, pamoja na askari wawili wa tiba wa vyeo vya chini. Wakawatibu wale watu, wakakaa nao majuma kadhaa, wakatoka nao kwa miguu. Sevareid akaishi, akaisimulia dunia.

Tazama picha hiyo, msikilizaji. Luteni kanali mmoja na askari wawili, na wote watatu wananing'inia kwenye kamba za mwavuli. Hewani hakuna wa kupigiwa saluti.

Vita vilipokwisha, kazi hiyo ikapewa utaratibu. Mwaka 1946 ikaundwa idara ya uokoaji wa anga, na mwaka uliofuata vikaidhinishwa vikosi vya waokoaji wa miamvuli. Mpango wa awali ulikuwa kila kikosi kiwe na daktari, ambaye ni afisa, pamoja na askari wachache wenye ujuzi. Lakini madaktari hawakutosha. Taratibu maafisa wakapungua, na kazi ikabaki mikononi mwa askari wa kawaida. Wao ndio waliojifunza kuruka, kupiga mbizi, kushuka kwa kamba kutoka kwenye helikopta, na kufunga jeraha huku risasi zikilia. Kaulimbiu yao ni fupi: ili wengine waishi.

Mmoja wao aliitwa William Pitsenbarger. Alikuwa na umri wa miaka 21, na cheo chake kilikuwa hatua chache tu juu ya kuruta. Tarehe 11 Aprili 1966, huko Vietnam, helikopta yake iliitwa kuchukua majeruhi wa kikosi cha nchi kavu kilichozingirwa msituni. Akashuka, akawafunga majeruhi, akawapandisha mmoja baada ya mwingine, jumla tisa. Kisha helikopta ikapigwa risasi. Alikuwa na nafasi ya kuondoka nayo. Akaipungia mkono iende, yeye akabaki. Akaendelea kutibu, akakusanya risasi za waliokufa na kuwagawia walio hai, hadi naye akauawa.

Hakuna afisa aliyemwamuru abaki. Uamuzi ule mkubwa ulifanywa na kijana ambaye kambini angesimama wima mbele ya luteni aliyehitimu jana. Alitunukiwa nishani mwaka ule ule wa 1966, lakini ile ya juu kabisa, Nishani ya Heshima, alikabidhiwa baba yake Desemba 2000. Miaka 34 baadaye! Siku hiyo pia alipandishwa cheo, kaburini.

Na hapa jirani yetu, Mogadishu, tarehe 3 Oktoba 1993, helikopta ya Wamarekani ilipoangushwa, mwokoaji Timothy Wilkinson alishushwa kwa kamba pale ilipoanguka. Mapigano yale yaliua Wamarekani 18 na Wasomali mamia. Wilkinson alivuka barabara ya wazi chini ya risasi, zaidi ya mara moja, kuwafuata majeruhi upande wa pili. Naye alikuwa sajini, si afisa.

Basi maafisa wa nini? Swali hilo Jeshi la Anga lilijiuliza pia. Kwa miaka mingi wakubwa wa waokoaji walikuwa zaidi marubani. Kwenye chumba cha mipango, pale panapoamuliwa helikopta iende au isiende, mara nyingi mwenye nyota begani hakuwa ameshuka kwa ile kamba. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndipo, karibu na mwaka 2000, ikaanzishwa kada ya maafisa wa uokoaji, ambao hupitia mateso yale yale ya mafunzo: maji, miamvuli, milima. Tofauti ni kwamba askari husomeshwa uganga wa dharura kwa kina, ilhali afisa husomea zaidi kupanga na kuongoza. Miaka inavyokwenda, afisa huvutwa mezani; askari hubaki na mkoba wake wa dawa.

Kwa hiyo, jana nilimpigia mpwa wangu. Nikamwambia: Mjomba, usichague mshahara wala saluti. Afisa atakayesema "shukeni", kisha mmoja asirudi, ataishi na neno hilo maisha yake yote. Huo nao ni ujasiri, tena mzito. Lakini kama kinachokuita ni yule mtu anayetokwa damu, basi ingia kama askari. Shahada yako haiozi. Wapo askari wenye shahada ambao baadaye wamepata kamisheni, wakawaongoza wenzao wakiwa wanajua kamba inavyochoma viganja. Afisa kurudi nyuma akawe askari ni jambo nadra mno.

Dada yangu akachukua simu. "Kwa hiyo wewe unataka mwanangu awe wa chini?" Nikamwambia: Dada, Flickinger na wale askari wake wawili walitua katika msitu mmoja. Risasi haisomi cheo, na majeruhi haulizi anayemfunga jeraha ana nyota ngapi. Cha kumwombea mtoto ni awe hodari, na awe na mkubwa anayeijua kazi.

Akakata simu. Kijana hajaniambia ameamua nini. Kwa jinsi ninavyomfahamu dada yangu, lolote atakalochagua, lawama ni zangu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.