Mmomonyoko: Udongo Humeguka Kabla ya Kusafiri

Istilahi ya Kizungu ya mmomonyoko imetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuguguna: maji ndiyo yanayokula, ardhi ndiyo inayoliwa. Kiswahili kilishika njia nyingine. Mmomonyoko umetoka kwenye kumomonyoka, yaani kuachana vipande vipande, kama ukuta wa udongo uliopoteza nguvu ya kushikana. Mlaji hatajwi, inatajwa hali ya kitu chenyewe. Nashikilia kwamba tofauti hii haiwahusu wanaisimu peke yao. Kwenye vilima vya Gitega na Muyinga nchini Burundi, ambako Warundi huuita mmomonyoko isuri na hulima hadi miteremko mikali, ndiyo inayoamua tuanze kazi wapi.

Wataalamu wa udongo huligawa tukio hili katika hatua tatu: chembe kung'oka, kuchukuliwa, kisha kutua. Hatua ya kwanza haihitaji mto wala korongo. Tone kubwa la mvua hufika chini kwa kasi ya takriban mita 9 kwa sekunde. Likipiga udongo mtupu, huvunja mabonge madogo. Chembe laini huruka na kuziba vinyweleo, na juu hubaki gamba jembamba lisilopitisha maji. Litazame shina la mharage baada ya mvua ya kwanza: majani ya chini yamejaa madoa ya tope, na hakuna maji yaliyopita hapo. Maji yatakayokosa pa kuzama ndiyo yatakayotiririka. Neno letu limeikamata hatua hiyo ya kwanza barabara, ingawa vitabu vya shule hupenda zaidi picha za makorongo.

Historia ya kupambana na mmomonyoko Burundi ilianzia hatua ya pili. Utawala wa Kibelgiji uliwalazimisha wakulima wachimbe mitaro ya kufuata kontua, na baada ya uhuru wa 1962 mingi iliachwa ikajaa udongo. Kazi ya shuruti ilichukiwa, na haki yao wakulima. Lakini hata mtaro uliotunzwa hukinga maji ambayo tayari yamebeba udongo. Katika mlinganyo wa Wischmeier na Smith wa kukadiria udongo unaopotea, uliochapishwa upya 1978, kifuniko cha ardhi kina kipimo chake na kazi za kukinga maji zina chao. Éric Roose, aliyeutumia mlinganyo huo kwa miaka mingi Afrika, alionyesha kuwa kifuniko kinaweza kukishusha kipimo chake kutoka 1 hadi 0.001, ilhali kazi za kukinga maji huishia karibu na 0.1. Naye Rishirumuhirwa, katika tasnifu yake ya 1997 kuhusu Kirimiro, nyanda za Gitega, aliuchunguza mgomba: shamba la migomba hulindwa hasa na majani makavu yaliyotandazwa chini.

Mkulima atauliza, na ana haki: matandazo hayo yatoke wapi? Majani ni chakula cha mbuzi, mabua ni kuni, na nyasi kwa miaka mingi zimeishia kwenye kahawa. Muyinga hupitia kiangazi kuanzia Juni hadi Agosti, na Septemba mvua hulikuta shamba limelimwa na liko wazi. Ndiyo maana sisemi mitaro ifukiwe. Faida yake kubwa iko kwenye kingo: mabingobingo na kaliandra yanayopandwa hapo hulisha mifugo, mifugo hutoa samadi, samadi huwa mboji, na mboji ndiyo inayoshikanisha chembe. Matuta ya ngazi nayo yapimwe hivyo hivyo. Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 30 za kurejesha ardhi, pamoja na matuta ya aina hiyo, Buhinyuza, iliyokuwa mkoani Muyinga wakati huo, ikiwa mojawapo ya maeneo. Ngazi ikikatwa bila uangalifu, huleta juu udongo wa chini wenye tindikali, usio na mboji. Bila samadi na chokaa, umbo la shamba litakuwa limebadilika na udongo wake utaendelea kumeguka. Pale mlima mzima unapoteleza, kama katika eneo la Mumirwa, jambo ni jingine na lina jina lake: maporomoko.

Kwa upande wa ramani, napendekeza istilahi ya pili: wepesi wa kumomonyoka, yaani jinsi udongo wa mahali unavyomeguka kwa urahisi. Ramani ya udongo ya Burundi ya 1988 ilichorwa kwa kipimo cha 1:250,000, hivyo sentimita moja ni kilomita 2.5, na kilima kizima, kuanzia kileleni hadi bondeni, huweza kumezwa na rangi moja. Ilitengenezwa kwa ajili ya nchi, nayo kwa hilo inafaa. Kuupima wepesi huo kwenye kilima kimoja, chukua bonge kavu la udongo, litie taratibu kwenye glasi ya maji, utazame kama linabaki zima au linasambaratika papo hapo. Jaribio hilo lifanywe kileleni, katikati ya mteremko na chini, na majibu yaandikwe kwenye mchoro wa kilima kabla jembe la kwanza halijachimba mtaro.