Mizani Moja, Kazi Tatu

Baba yangu alikuwa mkulima wa pamba huko Usukuma, na mimi nikiwa mtoto nilizoea kumfuata siku ya kuuza. Pamba aliichambua nyumbani mafungu mawili, safi na fifi, kisha tukaipeleka kwenye ghala la chama cha ushirika. Pale palikuwa na mizani iliyoning'inizwa kwenye boriti, na karani aliyesoma namba kwa sauti ili watu wote wasikie. Baba hakuwa na ugomvi na mizani ile. Alichokuwa akisema ni kwamba mizani inajua uzito tu. Haijui kama mvua ilichelewa, wala kama shamba ni la mchanga, wala kama mkulima aliugua wakati wa palizi. Mtu akiitumia kuwatafuta wakulima wavivu, alisema, atawaonea wengi.

Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi katika maisha yangu ya ualimu, kwa sababu na sisi walimu tulikuwa na mizani yetu: mtihani wa kumaliza darasa la saba. Nataka kueleza hapa jinsi mizani hiyo moja ilivyopewa kazi tatu zisizofanana, na jinsi mimi mwenyewe nilivyokosea ilipofikia kazi ya tatu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kugawa. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Kulikuwa na mtihani wa darasa la nne uliowarudisha watoto wengi nyumbani kabla hawajafika darasa la tano, na baadaye mwingine wa darasa la nane. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alilisema jambo hili bila kuficha: ni asilimia 13 hivi tu ya watoto wa shule za msingi ambao wangepata nafasi ya sekondari, na hata hivyo masomo yote yalipangwa kana kwamba kila mtoto anakwenda huko. Alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, na mitihani isiachwe itawale yale yanayofundishwa.

Hatua zilifuata. Elimu ya msingi ilifanywa miaka saba, na mtihani wa darasa la nne uliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 likaundwa kwa sheria Baraza la Mitihani la Tanzania. Novemba 1974, Azimio la Musoma liliamua kwamba kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule aandikishwe ifikapo mwaka 1977. Hiyo ilikuwa kazi kubwa, na hakuna mtu mwenye haki anayeweza kuidharau.

Lakini mlango wa darasa la kwanza ulipopanuliwa, mlango wa kidato cha kwanza ulibaki mwembamba. Fedha zilikuwa chache, na Serikali iliamua kwa makusudi kwamba elimu ya wote itangulie. Mtihani wa darasa la saba ukawa bawabu aliyesimama katikati ya milango hiyo miwili.

Mimi niliufanya mwaka 1980. Tulikuwa watoto thelathini na wanane. Matokeo hayakuja kama alama; yalikuja kama orodha, nayo ilisomwa mbele ya shule asubuhi moja baada ya kupandisha bendera. Yalisomwa majina mawili, na moja lilikuwa langu. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la tatu, ambaye ndiye aliyenifundisha hesabu za sehemu mpaka nikazielewa, hakusomwa. Nafasi ziligawanywa kwa mikoa na wilaya, kila moja na fungu lake, na fungu letu lilikuwa limekwisha.

Serikali ilitumia neno la haki: ilisema watoto fulani "wamechaguliwa". Kijiji hakikuwa na subira ya kutofautisha maneno. Kilisema rafiki yangu "amefeli", naye akaamini. Hakuna aliyemwonyesha alama zake, kwa hiyo hakuwa na namna ya kukana. Mpaka leo, tukikutana, husema kwa utani kwamba kichwa chake kilikuwa kizito. Mimi hucheka naye, kisha njiani kurudi nyumbani nakosa raha.

Kazi ya pili ilikuwa kupima mtoto anajua nini. Mwaka 2002 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ada ikiwa imekwisha kufutwa, na madarasa yakajaa. Kuanzia mwaka 2004 ukaja mpango wa sekondari, na shule za kata zikaanza kuchipuka kila mahali. Nafasi sasa hazikuwa za kugombaniwa kama zamani. Bawabu wa uchaguzi akatakiwa awe mpimaji wa maarifa: aseme nani yuko tayari kwa sekondari.

Kazi hiyo hakuiweza vizuri. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba maelfu ya wanafunzi waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Kabla nchi haijatulia, Februari 2013 yalitoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012: watahiniwa zaidi ya 240,000, yaani takriban sita katika kila kumi, walipata sifuri. Iliundwa tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Nakumbuka hasira za wakati ule, redioni, kwenye mabasi, misikitini na makanisani. Watu walikuwa wakiuliza swali moja: nani awajibike?

Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ya tatu, kupima shule. Mwaka 2013 Serikali ilianzisha mpango uliojulikana kama Matokeo Makubwa Sasa. Elimu ilikuwa moja ya sekta zake, na sehemu ya mpango ilikuwa kuzipanga shule zote kwa matokeo ya mtihani, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na kuzitia katika rangi tatu: kijani, njano na nyekundu. Kila shule ilijua nafasi yake wilayani na kitaifa. Mtihani ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni aliyepandishwa mizanini.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ambayo sitaitaja. Tulikuwa nyekundu, karibu na mkia wa wilaya. Sitasema kwamba mpango ule haukuwa na faida, maana nitakuwa mwongo. Kabla yake kulikuwa na walimu, hata katika shule yangu, walioonekana Jumatatu na kupotea Jumatano, na mzazi wa kijijini hakuwa na pa kushika ili aulize. Orodha ile ilimpa pa kushika. Walimu walirudi darasani. Masomo ya jioni yalianza. Nami nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta watoro.

Lakini katika kikao kimoja cha walimu wakuu, wakati wa mapumziko ya chai, mwenzangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa tayari "nimechambua" darasa langu la sita. Nilijifanya sielewi, ingawa nilielewa vizuri. Asilimia ya ufaulu huhesabiwa kwa waliofanya mtihani. Mtoto asiyefika darasa la saba hamshushi mtu.

Kulikuwa na binti mmoja darasa la sita. Alisoma polepole, kidole kikifuata kila neno, na msimu wa kuvuna pamba hakuonekana shuleni kwa wiki nzima. Nilimwita mama yake. Nilimweleza kwamba ingekuwa vyema mtoto akariri darasa, apate msingi. Mama yule alinisikiliza akiwa amesimama, ingawa nilimpa kiti. Akasema, "Sawa, Mwalimu. Wewe ndiye unayejua." Nilikariri watoto wanne mwaka ule. Watatu walirudi shuleni Januari. Binti yule hakurudi. Hakuwahi kuufanya mtihani, na kwa hiyo hakuna karatasi yoyote nchini inayosema kwamba shule yangu ilishindwa kumfundisha.

Tulipanda kutoka nyekundu hadi njano. Nilipongezwa mbele ya wenzangu.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwamba ule ulikuwa udhaifu wangu tu, au wa walimu wa kwetu. Kusoma historia kuliniondolea utetezi huo, lakini kulinionyesha pia kwamba wakubwa waliopanga jambo hili wangeweza kuliona mapema. Uingereza, mwaka 1862, iliweka utaratibu ambao fedha za shule zilitegemea mahudhurio na jinsi kila mtoto alivyomjibu mkaguzi katika kusoma, kuandika na hesabu. Kilichofuata ni kwamba walimu waliwakaririsha watoto kitabu cha kusoma mpaka wengine wakaweza kukisema bila kukitazama, na masomo yasiyolipiwa yakasahauliwa. Utaratibu ule ulidumu miaka zaidi ya thelathini kabla ya kuachwa.

Na kwetu pia hesabu zimefanyika. Wachumi Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walizichunguza takwimu za mtihani wetu katika miaka ile, na wakaona mambo mawili kwa pamoja. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao kweli ziliongeza ufaulu. Na shule hizo hizo zilipunguza idadi ya watoto waliofika kwenye chumba cha mtihani. Nilipoelezwa matokeo ya utafiti huo nilinyamaza. Katika namba zile mlikuwa na binti mmoja ninayemfahamu.

Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kwamba limeacha kutaja shule na wanafunzi kumi bora. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Maana yake ni kwamba yule bawabu wa katikati ya milango miwili anaelekea kustaafu, kama mimi nilivyostaafu. Sina huzuni juu yake. Wasiwasi wangu ni kwamba tutatafuta bawabu mwingine na kumpa kazi zile zile tatu.

Sisemi shule zisipimwe. Mwalimu asiyepimwa hulala, nami nimewaona waliolala. Ninachosema ni kwamba anayetaka kuijua shule hana budi aende shuleni: akae nyuma ya darasa, afungue madaftari, aulize walioandikishwa darasa la kwanza walikuwa wangapi na waliobaki ni wangapi. Na anayetaka kumjua mtoto ampime kusoma akiwa darasa la pili, wakati bado kuna miaka ya kumsaidia, si mlangoni anapotoka. Kipimo kilichobuniwa ili kugawa uhaba hakiwezi kumhukumu mwalimu. Kikilazimishwa, mwalimu atafanya kama mchuuzi anayetoa tunda bovu kabla ya kupima, na tunda hilo ni mtoto wa mtu.

Mwaka jana nilimkuta binti yule stendi, ana meza ya vitumbua. Yeye ndiye aliyenitambua kwanza. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika, "Marahaba, mwanangu." Alinifungia vitumbua vitano na akakataa pesa. Akanionyesha mtoto wake wa kike aliyekaa kwenye ndoo nyuma ya meza, yuko darasa la pili, na daftari mapajani. Nikamwomba mtoto anisomee. Alisoma mistari mitatu, polepole, kidole kikifuata kila neno.

"Anasoma vizuri," nilisema.

"Polepole tu, Mwalimu," alisema mama yake. "Kama mimi. Watamwacha aendelee?"

Nilimjibu kwamba watamwacha. Siku hizi, kila Jumamosi asubuhi, mtoto huyo huja kwangu na daftari lake, na tunasoma hadi saa sita.